Pua ya Bi Gamp

Jamani, leo mvua ya London imenisukumia kwenye duka la vitabu vya zamani.

Ukutani, picha ndogo ya rangi za maji: Bi Gamp, yule mkunga mpenda chupa katika riwaya ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens, na mwavuli wake mkubwa. Saini fupi: Kyd.

Jina hasa la mchoraji huyo ni Joseph Clayton Clarke. Dickens alishafariki zamani, lakini wahusika wake ndio waliomlisha huyu bwana. Mwaka 1889 picha zake zilitoka kama kitabu.

Mimi nimeganda kwenye pua. Nyekundu, tone moja tu la brashi! Na mwavuli huo ningeuazima.

Bei? Niliigeuza lebo, nikairudisha taratibu.

Nyie je, mhusika gani mnamwona kabisa mkifumba macho?