Kinundu cha kisogoni

Aliyekiona kwanza ni kinyozi. Kila alipopitisha mashine kisogoni mwa mjomba ilikwama kwenye kinundu kigumu, ambacho mwenyewe alishikilia kuwa ni kovu la utotoni. Zahanati moja hapa Moshi ilikikata kwa sindano ya ganzi, ikakiita uvimbe wa mafuta, na kilichokatwa kikatupwa bila kupelekwa maabara. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Mwaka uliofuata kilirudi palepale, kipana zaidi.

Hospitalini KCMC walianza kwa kukata kipande kidogo cha uchunguzi. Jibu lilikuja na jina refu, dematofibrosakoma protuberansi, saratani adimu inayoanzia tabaka la ndani la ngozi. Ni nadra kufika mapafuni, lakini hutambaa chini kwa chini kama ukoka, hivyo daktari hulazimika kukata pamoja na sentimita mbili au tatu za ngozi inayoonekana nzima. Tumboni hilo lina nafuu. Kichwani ngozi imekaza, haivutiki ikaziba pengo kubwa, na chini yake kuna utando mwembamba unaolisha mfupa wa fuvu; ukiondolewa huo, ngozi ya kupandikiza haishiki, kwa kuwa mfupa mtupu hauna damu ya kuilisha. Mjomba aliachiwa utando, akapandikizwa ngozi ya paja. Majibu ya maabara yakaonyesha kuwa pembeni kote ni pasafi, ila upande wa chini chembe za saratani zilifika ukingoni.

Hapo ndipo mionzi ilipoingia, na hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. "Kama wamekata vizuri, mionzi ya nini tena?" aliuliza shangazi, na nakiri nami niliwaza vivyo hivyo. Kumbe kisu kilikuwa kimefika mahali ambapo kuendelea kungegusa mfupa, na mionzi hufuata chembe zisizoonekana kwa macho. Tulisubiri kidonda kifunge, kisha tukapanda basi kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam: siku tano kwa wiki, wiki sita, grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi) kila siku, kichwa kikiwa kimebanwa na barakoa iliyofinyangwa kwa sura yake ili asisogee.

Ngozi ilibabuka, ikapona. Nywele hazikurudi. Kila baada ya miezi sita anarudi kliniki kupapaswa kovu na shingo, na kinyozi naye, bila kuagizwa na mtu, hupapasa kwanza kabla ya kuwasha mashine.