Shilingi Ishirini kwa Kilo: Tulivyoezeka Madarasa Mawili

Nilipoanza kutafuta pesa za kujenga madarasa ya shule ya kijiji chetu, ushauri haukukosekana. Nawashukuru wote walioniambia "muone mbunge". Nilimuona. Ni mtu mstaarabu, alinipa soda baridi na ahadi, nikarudi kijijini na soda tumboni. Mwingine akanishauri niwaandikie wafadhili, kana kwamba kuna wafadhili wamekaa Dar es Salaam wakisubiri barua ya kijiji cha wakulima wa tumbaku huku Tabora. Wa tatu alinikera kuliko wote, maana huyo ni msomi: "Si mnapata ruzuku kila mwezi? Inakwenda wapi?"

Haya, tuizungumze hiyo ruzuku. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kila mtoto wa shule ya msingi alipangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazoshuka kwenye akaunti ya shule. Gawanya kwa miezi 12 unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yetu ina watoto mia tisa na ushee, kwa hiyo hata ikija kamili haifiki nusu milioni. Humo utoe chaki, karatasi za mitihani, mipira ya UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), kitasa cha ofisi kilichovunjwa, na nauli ya mwalimu mkuu kwenda kuitwa kwenye vikao. Kama kuna anayeweza kujenga darasa kwa masalio ya hapo, aje, nyumba ya kulala nitampa mimi.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Mshahara wa mwalimu unalipwa na serikali kuu, mtaala unatoka Wizara ya Elimu, majengo na usimamizi ni wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa. Kamati ni wazazi, mwalimu mkuu akiwa katibu wetu. Mwalimu mkuu ana posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwenyekiti ana lawama. Mtoto akikaa chini, mzazi haendi TAMISEMI, anakuja kwangu, tena saa ya chakula.

Na walikuwa wanakaa chini kweli. Mwongozo unasema watoto 45 kwa darasa. Darasa letu la kwanza lilikuwa na zaidi ya mia, na la pili lilisomea chini ya mwembe. Mvua za Novemba zikianza, la pili linakwenda nyumbani.

Tulianza na nyumba kwa nyumba, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyosema ndivyo inavyofanyika. Kaya moja elfu kumi, tukapita na mabalozi wa nyumba kumi. Ningeweza kuandika kitabu. Nyumba ya kwanza mama alitucheka kabla hatujakaa: "Mwenyekiti, redio ilisema bure." Nikamweleza kwamba mwaka 2018 Rais Magufuli alikataza walimu kukusanya michango, lakini alisema anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi. Akanijibu, "Basi si uniache niende mwenyewe kwa mkurugenzi." Nadhani mpaka leo yuko njiani.

Kwa mzee mmoja mfugaji tulipokewa vizuri mno. Mwangaluka, ndiyo salamu ya Kisukuma, karibuni, viti vikatoka, maziwa ya mgando yakaja. Akatusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akasema taratibu: "Baba, hizo elfu kumi ninazo. Lakini nikikupa wewe leo, kesho atakuja wa zahanati, keshokutwa wa Mwenge wa Uhuru. Kawaulize kwanza hao wa mwenge zile za mwaka juzi waliandika daftari gani. Ukirudi na jibu, nitakupa na mbuzi." Sikwenda kuuliza. Maziwa lakini nilimaliza.

Mwisho wa zoezi tulikuwa na debe kadhaa za mahindi, pesa isiyotosha hata bando moja la bati, na jogoo aliyeruka kutoka kwenye kapu la baiskeli akaingia kwenye mihogo ya watu. Mabalozi nao wakadai pesa ya chakula. Ukitoa chakula chao, tulikuwa tumepata hasara.

Wazo lilinijia ghalani, wakati wa soko la tumbaku. Watu walewale walioniapia kwamba hawana hata mia walikuwa wamepanga mitumba yao ya tumbaku mbele ya mizani. Mteuzi anashika majani, anayakunjua, anataja daraja, mtu anaguna, karani anaandika, mtumba unasogezwa. Nikawa namwangalia jirani yangu anavyosoma karatasi yake ya mauzo. Kulikuwa na makato ya mkopo wa mbolea, makato ya chama, makato ya hiki na kile. Aligombana kuhusu daraja mpaka jasho likamtoka, lakini makato aliyapitia kwa jicho tu, akakunja karatasi akaweka mfukoni. Hakuyaona kama pesa yake, kwa sababu hayajawahi kuingia mkononi mwake.

Nikamfuata mwenyekiti wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Naye hakuzunguka: "Kato jipya siwezi kuliweka mimi wala wewe. Ni mkutano mkuu wa wanachama, na afisa ushirika aone muhtasari. Ukipata kura, mimi sina tatizo." Akaniongezea orodha ya watu watakaopinga, na hiyo orodha ilinisaidia kuliko ushauri wote niliopewa kabla.

Sasa hapa ndipo ninapojisifu kidogo, mnivumilie. Mikutano ya AMCOS hufanyika ghalani, kwenye kivuli na mabenchi. Nikaomba safari hii wafanyie shuleni, siku ya masomo, saa nne asubuhi. Sababu niliyotoa ni kwamba ghala lina vumbi la tumbaku na wajumbe wanakohoa. Wakakubali. Wakafika wamevaa mashati ya mkutano na suruali zilizonyooka, wanatafuta pa kukaa. Madawati yote yana watoto. Chini ya mwembe kuna darasa la pili. Mwalimu, ambaye tulikuwa tumeongea, akawasogeza watoto upande mmoja akasema kwa adabu zote, "Karibuni wazee, huku kuna nafasi." Wakakaa kwenye vumbi, wakulima wenye mabani manne manne ya kukaushia tumbaku, pembeni ya watoto wanaoimba herufi. Mkutano ulikuwa haujafunguliwa, na tayari mmoja alikuwa anajipangusa matako huku akiuliza kwa hasira kwa nini shule haina hata benchi la wageni.

Nikaomba shilingi 20 kwa kila kilo. Chama chetu msimu ule kilitarajia kuuza kilo laki tatu na kitu, kwa hiyo ni kama milioni sita. Nikawaambia mtumba ukilala ghalani usiku wa upepo mkavu unapoteza uzito wa thamani zaidi ya hiyo, na hakuna anayeuandikia barua upepo.

Aliyesimama kupinga ndiye nilikuwa namsubiri, wa kwanza kwenye orodha. Watoto wake wanasoma English medium mjini. "Mimi nina kilo elfu nane na sina mtoto hapa. Huyu ana kilo mia tatu na watoto saba hapa. Hiyo ni haki?" Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, maana kwa kweli swali lilikuwa zuri. Nikamuuliza: "Kaka, vibarua wanaokuchumia tumbaku, watoto wao wanasoma wapi?" Akanyamaza. "Mvua ikinyesha na darasa hili likaruhusiwa, mama kibarua anamwacha wapi mtoto? Anakuja naye shambani kwako. Na mtu wa kampuni akimkuta mtoto kwenye tumbaku yako?" Hapo hakuna mkulima asiyejua. Kampuni zinakagua ajira ya watoto, na mkataba wa mkulima unaweza kwenda na maji. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Pitisha hiyo, tuinuke chini hapa!" Ikapita.

Kwenye pesa nilikuwa mkali. Sikutaka noti yoyote ipite kwa mwalimu, wala kwangu. AMCOS ilinunua yenyewe saruji, nondo na mbao, ikakabidhi kijijini kwa karatasi. Tuliunda kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, watu tofauti, na ya mapokezi nikawaweka akina mama wawili wasiocheka na mtu. Fundi aliwahi kusema mifuko ya saruji imefika kumbe miwili ilikuwa bado iko dukani, wakamsimamisha kazi mpaka ikaja. Asiyelima tumbaku alileta tofali za kuchoma, mchanga au maji. Kujenga kwenyewe sina la kusimulia, ukuta ni ukuta.

Ila mhandisi wa halmashauri aje kabla ya msingi, na ramani iwe ya TAMISEMI. Tulimlipia mafuta ya pikipiki, na kuna waliolalamika. Lakini kuna kijiji nakijua boma, yaani kuta zisizoezekwa, lilifika lenta ndipo wakaambiwa vipimo havikubaliki.

Boma likisimama, sasa unaweza kwenda halmashauri. Kuna aliyenishauri niende Juni, eti mwisho wa mwaka wa fedha pesa zinabaki. Asiwadanganye. Bajeti inaanza Julai 1, na kabla ya hapo imeshapita kwenye mkutano wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Kamati ya Fedha, Baraza la Madiwani, TAMISEMI, hadi Bungeni. Jambo lako lisipokuwa kwenye muhtasari wa kijiji mapema, huko juu halina jina. Sisi lilikuwamo, na diwani alilisimamia kwenye kata na barazani. Anasema ni mradi wake. Nimemwachia, hata picha alipiga yeye.

Nilikwenda kwa afisa mipango na muhtasari, picha za boma na karatasi moja ya hesabu. Tumbaku inalipiwa ushuru wa asilimia 3 ya bei ya mkulima, analipa mnunuzi, inapokea halmashauri. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kilo zetu za misimu ya karibuni. Sikupandisha sauti. Niliiweka mezani nikamwomba anisaidie kuangalia kama nimejumlisha sawasawa. Akaiangalia muda mrefu, kisha akauliza boma liko hatua gani.

Fungu la kumalizia boma wakati ule lilikuwa milioni 12.5 kwa darasa. Tukapewa la darasa moja. Chumba cha pili tulikiezeka sisi kwa kilo za msimu uliofuata, bati geji 28, na darasa la pili likaondoka chini ya mwembe.

Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walipokuja, wakasifu madarasa kwa mstari mmoja na kuandika ukurasa mzima kuhusu vyoo. Tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Wasichana wetu wanapita mia nne na hamsini, kwa hiyo yanatakiwa matundu zaidi ya ishirini na mbili, na yapo manane, mawili kati yake hayafungiki. Nimeshapeleka hoja ya shilingi 10 kwa kilo kwenye mkutano mkuu ujao wa AMCOS. Nimeomba tena ufanyike shuleni, ila safari hii mwembe tunauacha, tutakaa upande wa vyoo.