Siku moja maishani mwangu: mimi ni dobi wa vitu visivyoonekana

Nikiulizwa kazi yangu, husema natengeneza chembe nano, yaani ndogo mno, za silika, kitu kile kinachounda mchanga na kioo, na kuzivika uso mpya, kisha tunazipa seli tuone zitazipokeaje. Hapo macho ya mtu hung'aa: "Kumbe unatengeneza dawa ya saratani!" Mwingine husogea nyuma hatua moja: "Silika si ndiyo ile inayoharibu mapafu ya wachimba migodi?" Wa kwanza namjibu kwamba bado sana. Wa pili namweleza kuwa ile ya migodini ni silika ya fuwele, jamii ya kwatzi. Yangu haina fuwele, ni jamii moja na ile inayochanganywa kwenye vyakula vya unga visishikane, imeandikwa E551 kwenye pakiti. Nisilowaambia wote wawili ni kwamba mimi ni dobi. Kutwa naosha.

Saa 1:20 asubuhi. Chupa imekesha ikikorogwa. Ndani yake kuna kundi la 15, chembe zilizopikwa kwa njia ya Werner Stöber na wenzake ya mwaka 1968: ethanoli, maji, amonia, halafu unadondosha TEOS, kimiminika kinachogeuka silika, na kusubiri maji yageuke maziwa mepesi. Zangu hutoka na upana wa nanomita 70 hivi, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hizo mara elfu moja. Jana jioni niliongeza silani, kemikali inayoshikana na silika, yenye amini, kikundi kinachobeba chaji chanya, ijishike juu yake. Nafungua kifuniko ndani ya kabati la kufyonzea hewa na bado amonia inapenya hadi machoni.

Saa 2 hadi saa 5, kuosha. Mirija minne, kila mmoja kwenye mizani kwanza, maana uzito usipolingana sentrifuji hutetemeka kama gari lenye tairi bovu. Dakika 20 inazunguka, namwaga maji ya juu, naongeza ethanoli mpya. Mashapo ya chembe yameganda chini kama gundi iliyokauka, basi natumbukiza mrija kwenye beseni la mawimbi ya sauti mpaka yaachane. Halafu tena. Halafu tena. Mara tatu, ndivyo daftari letu linavyosema, na daftari hilo nililikuta.

Saa 5:30 kwenye mashine ya leza, inayopima ukubwa na chaji ya chembe. Silika tupu hubeba chaji hasi ndani ya maji, leo inasoma milivolti -38. Iliyovikwa amini inasoma +29. Kugeuza ishara ile ndiyo furaha ya kazi hii, natabasamu peke yangu kama mwehu. Furaha haidumu. Nachukua chembe hizo hizo za +29, nazitia kwenye chakula cha seli chenye seramu, majimaji ya damu, baada ya saa moja nazipima tena: -9. Protini za seramu zimezifunika. Wataalamu waliliita vazi hilo taji la protini, jina lililoenea tangu mwaka 2007, lakini mimi naliona kama kanga aliyotupiwa mtu baada ya kuhangaika kushona suti. Seli haikutani na uso nilioushona, inakutana na kanga. Ila suti huamua kanga ipi itamkaa, ndiyo maana sijaacha kazi.

Saa 8 mchana anaingia kaka wa upande wa seli, amebeba bamba la visima 96 kama trei ya harusi.

"Dada, zimeua!"

"Zipi?"

"Za amini. Zimebaki hai chini ya nusu. Si ndivyo tulivyotegemea? Chaji chanya inang'ang'ania utando, inauharibu, kwisha habari."

Kipimo chake ni MTT. Unazipa seli chumvi ya njano, zilizo hai zinaigeuza zambarau. Zambarau ikikolea, wazima ni wengi. Na kweli bamba lilisema alivyosema: safu ya 1, seli zisizopewa kitu, kama wino, safu ya 4 na ya 5, amini za kundi la 14, lililotangulia hili la asubuhi, zimepauka.

"Na safu ya 7?" nikauliza.

"Ile ya maji yako? Sijaipigia hesabu. Ile tuliiweka kukuridhisha wewe."

Safu ya 7 niliiomba mwenyewe wiki iliyopita, baada ya kunusa mrija niliodhani ni safi na kusikia amonia kwa mbali. Nilimpa maji yaliyobaki juu baada ya osho la mwisho, yasiyo na chembe, ayaweke kwa seli kwa kipimo kile kile. Alinung'unika kwamba namharibia visima. Sasa tumeinama wote wawili juu ya bamba, vichwa vinakaribia kugongana, na safu ya 7 imepauka sawasawa na ya 4.

Hakukubali upesi, wala simlaumu. Akasema labda chembe zilisalia majini. Nikamwambia twende kwa leza. Kulikuwa na mwanafunzi anapima sampuli zake 12 na hana haraka, tukasimama ukutani dakika 40 tukinuniana. Zamu yetu ilipofika, mashine haikuona kitu cha maana. Na mashine ile haikosi kuona vifundo vikubwa: mtawanyo wa mwanga hupanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo, kifundo kimoja cha chembe zilizoshikana hupiga kelele kuliko maelfu zilizo peke yake. Akasema labda silika imenyonya rangi ya MTT, jambo ambalo kweli hutokea, hasa kwa zenye vitundu. Nikamwonyesha safu ya 10, chembe bila seli, haijabadilika. Tena safu ya 7 haina silika ya kunyonya chochote.

Mwishowe yeye mwenyewe akatoa simu. Ana tabia ya kupiga picha kila bamba mara tu anapomaliza kudondosha, nami humtania kwa hilo. Chakula cha seli kina rangi inayoonyesha asidi: kikichacha huwa njano, kikizidi ubesi, kinyume cha asidi, kama amonia ifanyavyo, huwa waridi kolevu. Akaivuta picha ya jana kwa vidole viwili. Visima vingine vyekundu. Safu ya 4, ya 5 na ya 7, waridi inayopiga kelele. Tulikuwa tumezipa seli amonia na silani iliyokosa mahali pa kushika, tukaita sumu ya chembe nano.

Akakaa kwenye kiti changu. "Wiki tatu, dada."

"Najua."

Uchungu ni kwamba matokeo yale yalikuwa mazuri. Yalifanana na kila kitu tulichosoma, yangepita bila mtu kuuliza. Na kosa halikuwa la seli zake, lilikuwa la dobi. Profesa alipopita tukamweleza, akaangalia picha, akaangalia bamba, akasema "osheni" na kuendelea na safari yake. Nikachora mstari mwekundu daftarini: kundi la 14 lisitumike. Kisha nikakumbuka kundi la 15 la asubuhi, lile la +29 lililonichekesha peke yangu. Nalo limeoshwa mara tatu.

Tangu hapo saa sizikumbuki vizuri. Osho la 4. Safari hii siamini pua wala daftari, nachukua tone la maji ya juu, natia ninihidrini, kemikali inayogeuka zambarau ikikuta amini au amonia, napasha moto. Zambarau tupu. Mchana zambarau ilikuwa uhai, jioni imekuwa uchafu, kichwa kinachoka na vitu kama hivi. Osho la 5, zambarau. Mgongo unauma pale chini ya mabega, mahali pa watu wa pipeti. Osho la 6, rangi kama maji yaliyosuuziwa kalamu. Taa za ukumbini zimeshazimwa kabla sijamaliza la 7.

Katikati hapo kaka aliniita kwenye darubini, nadhani kunipoza. Seli za bamba jingine, chembe zinazong'aa kijani, zisizo na amini. Anaongeza rangi ya bluu inayozima mng'aro wa zile zilizobaki nje, na kijani kinachosalia ni kile kilichomezwa. Vinukta vinazunguka kiini cha seli, kimoja kinasogea, kinasimama, kinasogea. Vimo ndani ya vifuko vya seli vya kusagia taka. Kwenye seli zilizowekwa nyuzi joto 4 hakuna kitu ndani: kumeza kunataka nguvu, na baridi imezinyima. Niliangalia kuliko nilivyopaswa.

Osho la 7, tone halikubadilika rangi. Nikalipasha tena. Halikubadilika. Nikaandika lebo "15, osho 7", na mrija wa maji ya mwisho pembeni yake, vyote frijini.

Nikiwa navua koti, simu ikalia. Kaka: "Kesho niweke safu ya maji tena?"

Nikamjibu aweke mbili.