Bakteria wa siki kutoka embe dodo: nilipofikia

14 Desemba. Nimeokota maembe dodo 6 yaliyopasuka chini ya mwembe wa bibi, hapa Muheza. Yameshachacha, vijinzi vya matunda vimejaa. Nimekata vipande, nikavitia kwenye chupa zenye glukosi, dondoo ya hamira, spiriti kidogo na siki kidogo. Ukali huo ndio chujio langu: bakteria wengi hawauwezi, wa siki wanastawi. Midomo ya chupa nimeiziba kwa pamba, maana hawa bila hewa hawafanyi kazi.

21 Desemba. Chupa 4 zimefanya utando mwembamba juu. Nimepaka kwenye sahani za agari (jeli ya kukuzia bakteria) yenye spiriti na unga wa chaki. Bakteria akitoa asidi, unga unaomzunguka huyeyuka na pale pakawa duara lililo wazi kama kioo.

27 Desemba. Hakuna duara hata moja, na harufu ya siki inapasua pua! Nimehangaika siku mbili nzima, mpaka nikaishuku chaki yenyewe. Nimeikamulia ndimu: kimya. Nikakamulia ganda la yai: povu hapo hapo. Kumbe chaki nyingi za ubaoni ni jasi, na asidi ya siki haiiyeyushi. Kinachotakiwa ni kalisi kaboneti, na ganda la yai karibu lote ni hiyo. Nimeomba maganda kwa muuza chipsi, nikayachemsha, nikayaanika, nikayatwanga na kuyachekecha kwa kitambaa cha mtandio.

9 Januari. Maduara yametoka! Aliyenivutia zaidi ni yule niliyemwita D7. Ni doa dogo la rangi ya maziwa, kingo laini, na kandokando yake unaona mpaka upande wa pili wa sahani.

15 Januari. Duara la D7 limeanza kuziba. Weupe unaometameta umerudi palipokuwa wazi. Nimeishika ile sahani dirishani sijui muda gani. Hii ndiyo tabia ya Acetobacter, jenasi mojawapo ya bakteria wa siki: hugeuza spiriti kuwa asidi ya siki, kisha spiriti ikiisha huila asidi yenyewe hadi ibaki kaboni dayoksaidi na maji, na kaboneti hujijenga upya. Ndugu yake Gluconobacter huishia kwenye asidi, hawezi kuendelea.

3 Februari. Rafiki mwenye hadubini amenisaidia. Vijiti vifupi, Gram hasi (havishiki rangi ya zambarau ya kipimo cha Gram); kwa vimeng'enya, katalesi ipo, oksidesi haipo. Yote yanakubaliana na Acetobacter.

11 Machi. Majibu ya jeni ya 16S, inayotumika kutambua bakteria: herufi za DNA kama 1,400. D7 amefanana kwa zaidi ya asilimia 99 na Acetobacter tropicalis, na vilevile na Acetobacter senegalensis, yule aliyetolewa kwenye embe nchini Senegal na kutangazwa 2007, mvumilivu wa joto. Waliosoma majibu pamoja nami walianza kunipongeza kwa spishi mpya, nami nimekataa. Jeni hii husaidia kushuku spishi mpya pale mfanano unaposhuka chini ya asilimia 98.7 hivi; juu ya hapo, katika ukoo huu uliobanana, haiwezi kuwatenga ndugu. Anayeamua ni jenomu nzima, yaani DNA yote: ulingano wa wastani wa herufi zake ukiwa chini ya asilimia 95 au 96 dhidi ya kila jamaa anayejulikana, hapo ndipo neno "mpya" linaanza kutamkika. Hata hapo jina halikubaliki mpaka bakteria hai awekwe kwenye hifadhi mbili za nchi mbili tofauti, ili mwingine yeyote aweze kumchunguza.

30 Machi. DNA ya D7 imeondoka kwenda kusomwa. Mirija 5 ya D7 ndani ya gliserini iko kwenye friza, mingine kwangu, mingine kwa rafiki, kwa sababu umeme wa huku hauaminiki.

Bado nina D7 mmoja tu, na spishi ya kuelezwa kwa bakteria mmoja ina miguu dhaifu. Nilipomweleza bibi, alisema, "Mjukuu wangu, siki kali tulikuwa tunapata kwa maembe ya kule kisimani, si haya ya uani." Msimu ukifika naanzia kisimani.