Kumbukumbu ya mradi: naipima 2^127 − 1 kwa programu yangu

Imetoka 0! Programu niliyoiandika kuthibitisha kwamba 2^127 − 1 ni namba tasa imefika hatua ya mwisho, na baki ni 0 kama inavyotakiwa. Namba yenyewe ina tarakimu 39:

170141183460469231731687303715884105727

Édouard Lucas wa Ufaransa aliithibitisha mwaka 1876 bila kompyuta yoyote, na hadi 1951 hapakuwa na namba tasa inayojulikana iliyoizidi. Namheshimu sana mtu huyu.

Njia yake, ambayo baadaye mwanahisabati Mmarekani D. H. Lehmer aliinyoosha, ni fupi. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, shika baki, rudia. Kwa kipeo 127 ni hatua 125. Ukiishia 0, ni tasa. Ukiishia kingine chochote, si tasa.

Utamu uko kwenye kutafuta baki. Chukua 2^7 − 1, yaani 127, ambayo unaweza kuifuata kwa kalamu: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Simama kwenye 67. Mara yenyewe, toa 2, ni 4487. Sigawanyi kwa 127. Nagawanya kwa 128, jambo ambalo kwa kompyuta ni kusogeza biti 7 tu (biti ni tarakimu ya 0 au 1). Inaingia mara 35, inabaki 7. Jumlisha 35 na 7: 42, baki ileile. Kila 128 imeizidi 127 kwa 1, kwa hiyo kila moja inaacha 1. Hakuna kugawanya kokote! 2^127 − 1 nayo, ikiandikwa kwa 0 na 1, ni 1 tupu 127 mfululizo, ndiyo maana inakubali njia hiyohiyo ya mkato.

Kuhakiki programu nilitumia orodha ya vipeo aliyoitoa mtawa Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1644, akidai kwamba 2 ikipandishwa kwa vipeo hivyo, kisha ukatoa 1, unapata namba tasa. Niliichagua maana ina makosa yanayojulikana. Vipeo 61, 89 na 107, alivyoviacha, vyote vimetoa 0. Vipeo 67 na 257, alivyoviweka, vimegoma kutoa 0. Hapo kwenye 67 ndipo panaponishangaza hadi sasa: programu inajua kwamba namba inagawanyika, lakini haina habari inagawanyika kwa namba zipi. Vigawo vyake, 193707721 na 761838257287, alivitoa Frank Nelson Cole mwaka 1903.

Kinachofuata ni kuzidisha. Sasa nazidisha kipande kwa kipande kama tulivyofundishwa shuleni, na vipande vikiongezeka maradufu, kazi inakuwa mara nne. Naandika njia ya Karatsuba, inayozidisha mara tatu pale ambapo ya kawaida huzidisha mara nne. Ikikaa sawa, napandisha hadi vipeo 521, 607, 1279, 2203 na 2281, vile vitano ambavyo Raphael Robinson alivipata kwa kompyuta ya SWAC mwaka 1952.