Kichupa cha Watu Watano: Siku Moja ya Mchanjaji Tandika

Saa 11 alfajiri niko Rangi Tatu, Dar es Salaam, nagombania daladala. Ilikuwa Novemba 2021, Mpango Shirikishi na Harakishi wa chanjo ya UVIKO-19 umepamba moto: hatukai tena kituoni kusubiri watu, tunawafuata sokoni na stendi.

Saa 1 asubuhi. Kabla sijaweka hata pochi, nafungua friji. Nyuzi 5. Naandika. Chanjo ya Janssen kituoni inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiharibika kwa joto huwezi kuijua kwa kuitazama. Kuganda nako hakutakiwi. Kwa hiyo pakiti ya barafu haitoki kwenye friza ikaingia kwenye boksi la chanjo moja kwa moja. Tunaipanga mezani mpaka itoe jasho, unaitikisa sikioni, ukisikia maji yanacheza ndani ndipo unaipakia. Mwanafunzi wa mazoezi aliniuliza kwa nini tunasikiliza barafu kama redio.

Saa 3, soko la Tandika. Meza, mwavuli, daftari, dawa ya dharura ya mzio. Mwenyekiti wa mtaa ameshika kipaza sauti. Kila mtu namuuliza kama ana homa, kama amewahi kudhurika na sindano, halafu akishachomwa anakaa benchi dakika 15. Watu wanalichukia benchi kuliko sindano.

"Dada nesi, nyanya zangu zinaiva mara ya pili juani kwa ajili ya benchi lako!"

Nikamwambia mama, mzio mkali mara nyingi hujionyesha mapema, heri ukuanzie hapa kwangu. Akakaa, akiguna.

Saa 5 akaja kijana wa mizigo. Hakuleta habari za sumaku begani, ule uvumi kwamba ukichanjwa sumaku inanasa, maana hizo tulishazizoea. Aliuliza: "UKIMWI tangu miaka ya themanini hauna chanjo, hii imepatikanaje ndani ya mwaka?" Nilimheshimu kwa swali hilo. Nikamweleza kwamba virusi vya UKIMWI hujibadilisha mno. Na kwamba hii haikuanzia sifuri: kirusi cha mafua kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana, ambacho ndicho kibebeo chake, kampuni ilishakitumia kwenye chanjo ya Ebola. Majaribio yalichukua zaidi ya watu 40,000, wakiwemo wa Afrika Kusini, na viwanda vilianza kuzalisha kabla majibu hayajatoka, kwa sababu fedha zilikuwepo. Chanjo zingekataliwa, zingemwagwa. Akasema atafikiria. Sikumsukuma.

Mchana ulipita na wali maharage wa kwa mama ntilie.

Saa 9 unusu tunakaribia kufunga, akaja mzee na mkongojo, katembea kutoka Yombo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimechelewa?"

Hapo ndipo kazi hii inapouma. Kichupa kimoja ni watu 5. Nilichofungua mchana kimekwisha. Nikifungua kipya, hakirudi kwenye friji: ndani ya saa 6, au tukifunga meza, kilichobaki kinatupwa. Mwenzangu akanikonyeza, mwambie aje kesho. Miguu ile? Nikafungua, nikaandika saa kwenye lebo, nikamchoma babu.

Kisha nikavua aibu. Nikampata kondakta, tena aliyenitania kwanza. Mwenyekiti akamwita shemeji yake. Mama wa nyanya akamleta binti yake wa miaka 19 kwa mkono. Wanne. Mwenyekiti alitangaza mpaka sauti ikakauka, wa tano hakutokea.

Saa 10 na robo babu kamaliza dakika zake 15, anamsimulia kondakta habari za ndui. Mimi nimekiweka kichupa pembeni pa kutupwa, nimefungua daftari, safu ya dozi zilizopotea: 1.

Yule kijana wa mizigo nilimwona tukipakia meza. Alitusaidia kubeba boksi. Hakusema lolote kuhusu chanjo, nami sikuuliza.