Bili ya baa London: soma mstari wa chini kabla hujagusisha kadi

Huduma, asilimia 12.5. Mstari huo hukaa chini ya bili kwa herufi ndogo, na watu wetu wengi wanaulipa wakidhani ni kodi. Si kodi. VAT imeshaingia kwenye bei ya kinywaji. Hiyo ni bahshishi ambayo baa imejipangia yenyewe, na mara nyingi ni hiari yako: mwambie mhudumu aiondoe, ataiondoa. Meza ikitumia pauni 80, mstari huo ni pauni 10 nzima. Kisha inaletwa mashine ya kadi, nayo inauliza kama ungependa kuongeza asilimia 10, 15 au 20, huku mhudumu amesimama pembeni anaangalia dari. Ukibonyeza kwa aibu umetoa bahshishi mara mbili. Kinachopoza hasira kidogo ni kwamba tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi hela hiyo yote. Umehudumiwa vizuri? Iache. Umesubiri bia nusu saa? Iondoe, wala usione haya.

Pabu ni afadhali. Unakwenda kaunta mwenyewe, unalipa papo hapo, na hakuna anayengoja bahshishi. Zile hesabu za chupa tupu chini ya meza, mpaka mnaanza kuulizana nani kanywa ya saba, hazipo. Foleni huioni lakini ipo: kila aliyeegemea kaunta anajua nani kamtangulia. Ukimwita mhudumu kwa "psss" au ukipunga noti, utarukwa mpaka uzoee. Na noti yenyewe sehemu nyingi hawaitaki, wanataka kadi.

Painti ni mililita 568, na katikati ya jiji inacheza pauni 6 hadi 7. Ukiibadilisha kuwa shilingi huinywi, kwa hiyo usibadilishe. Povu likizidi mrudishie, anajazia bila kununa. Kwenye pombe kali ndiko wanakopigia: toti moja ni mililita 25, baadhi ya baa 35, na muuzaji atakuuliza haraka haraka kama unataka "dabo". Ukiitikia tu, bei imeshapanda. Mvinyo nao, glasi kubwa ni mililita 250, yaani theluthi ya chupa; ile ndogo ya 125 ipo kwa mujibu wa sheria, ila lazima uiulizie. Maji ya bomba ni bure kila baa yenye leseni. Omba bila woga, hawakuhesabii kuwa fukara.

Halafu raundi. Mko sita, painti ya pauni 6.50, raundi moja ni pauni 39. Aliyenunua ya kwanza akaondoka baada ya glasi mbili amewanywesha wenzake. Kama unalipwa kwa saa, sema mapema kwamba unajinunulia mwenyewe. Waingereza wanalielewa hilo kuliko ndugu zetu, ambao watakusema mpaka kwenye kundi la WhatsApp.

Klabu ni habari nyingine. Tiketi huuzwa mtandaoni kwa awamu, na ya mwisho inaweza kuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Soma saa ya mwisho ya kuingia: ikipita, tiketi yako ni picha tu kwenye simu. Ukitoka, mara nyingi hurudi ndani. Umri wa kisheria ni 18, lakini ukionekana chini ya 25 utaombwa kitambulisho, na mabaunsa wengi hawataki picha ya simu. Viza ya kidijitali haikusaidii pale. Usizunguke na pasipoti usiku, maana ikipotea utaijua njia ya ubalozini. Omba leseni ya udereva ya kujifunzia, ukiwa na ruhusa ya kuishi nchini siku zisizopungua 185. Inatosha kama kitambulisho hata usipogusa usukani. Wakati wa baridi tenga pauni chache za kuhifadhi koti, na ulifuate dakika 20 kabla ya kufunga, la sivyo utasimama kwenye foleni ya koti huku basi linaondoka.

Mlango una dhuluma zake pia. Zile klabu za kukodi meza za West End, katikati ya London, zina kiwango cha chini cha matumizi, na kuna usiku kundi la vijana weusi linaambiwa "pamejaa" huku wengine wakipita. Baunsa analazimika kuvaa leseni ya SIA, mamlaka ya sekta ya ulinzi, mahali inapoonekana. Andika namba yake, upeleke malalamiko idara ya leseni ya halmashauri. Ubaguzi wa rangi unakatazwa na Sheria ya Usawa ya 2010. Kugombana pale pale mlangoni ni kujitafutia kukamatwa, na kwa mwenye viza ya kutunza wazee, onyo la polisi linaweza kumfuata hadi kwenye ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi za uhalifu.

Kwa dada zetu, hili naliheshimu sana: ukiona mtu anakusumbua, nenda kaunta umuulizie "Angela". Baa zilizo kwenye mpango huo zinajua maana yake, watakutoa kimya kimya au wakuitie teksi.

Pabu nyingi hufunga saa 5 usiku au saa 6, kwa hiyo panga usafiri kabla ya nguo. Treni za chini ya ardhi hukesha Ijumaa na Jumamosi tu, kwenye njia za Victoria, Central, Jubilee, Northern na Piccadilly, pamoja na kipande kimoja cha treni za Overground. Njia ya Elizabeth haimo. Wa Barking, mashariki mwa London, ana basi la usiku N15. Wa mji wa Reading, nje ya London, apange mapema au alale kwa watu. Gari la mtaani linalokuitia "teksi, teksi" nje ya klabu, likatae: teksi nyeusi peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kusimamishwa barabarani, nyingine zote lazima ziwekwe oda kwanza, vinginevyo bima haikugusi.

Na wanafunzi mnaokuja na mashine za u-DJ kwenye sanduku: viza yenu hairuhusu kujiajiri wala kazi ya burudani. Kumwaga bia kaunta kwa saa zenu 20 za wiki, sawa. Kupiga muziki kwa malipo, hapana.